Radhi kwenye Kipaza Sauti

Ndani ya basi, seremala na mshonaji wasiojuana walikuwa wanavutana kuhusu wachungaji wao. Nyuma yao mama mmoja mtu mzima alikuwa ametega sikio.

"Wetu akihubiri, dada, madirisha yanatikisika!" alitamba seremala.

"Wetu ana kigugumizi," mshonaji alijibu bila haya. "Alimkaripia mfagiaji kwenye kipaza sauti, kumbe mama wa watu hana kosa. Ibada iliyofuata akasimama palepale, akamwomba radhi kwenye kipaza sauti kilekile. Mtu wa Mungu utamjua kwa mwenendo, kaka, si kwa kelele."

"Mbele za watu? Si angemwita faragha?"

"Kwani alimkaripia faragha?"

Mama akageukia dirishani kuficha tabasamu. Huyo wa kigugumizi alikuwa mwanawe wa kumzaa, na utotoni alikuwa mbishi huyo, usiseme! Lakini nyumbani sheria ilikuwa moja: ukimtukana mwenzio uani, radhi utaiombea uani, majirani wakisikia.

Basi lilifika mwisho wa safari, seremala bado anabisha. Mama alikuwa amepitiliza kituo chake. Akarudi kwa miguu, kifua mbele, wala lile goti lake bovu hakulisikia.