Bi Peres Oyoo, Sauti ya Simu za Msiba

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Peres Oyoo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha simu cha hospitali yetu. Wengi wenu mnamjua kwa sauti tu. Ndiye anayewaunganisha na wodi, na ndiye anayewakaripia mkiacha simu ilie zaidi ya mara tatu. Lakini kazi yake kubwa haikuandikwa kwenye barua ya ajira. Mgonjwa akifariki na jamaa zake hawapo, yeye ndiye huwapigia. Madaktari walimwachia jambo hilo kidogo kidogo, hadi likawa lake.

Alikuja mwaka wa 1994 kutoka Ugenya, akiwa na Kidholuo chake, Kiingereza cha shule na Kiswahili cha heshima. Hicho cha heshima ndicho kilichomponza. Mwaka wa 1998 alimpigia mzee mmoja wa Lari kupitia simu ya duka, akamwambia kwa upole kwamba mkewe ametuacha. Asubuhi iliyofuata mzee akafika na kikapu. Ndani mlikuwa na rinda, sweta na viatu vya mkewe, vimepakwa rangi vikang'aa.

"Mlisema mama watoto amewaacha," alimwambia Peres. "Sasa ananingojea wapi?"

Kiswahili cha mzee kiliishia hapo, na Peres hakujua Kikuyu. Ilibidi Waceke, aliyekuwa akipiga deki pale mapokezi, amweleze mzee kwa lugha yake kwamba mkewe amekufa. Peres alisimama kando ameshika kile kikapu. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aibu ya siku ile haijawahi kumtoka mwilini.

Wiki iyo hiyo alimwomba Waceke amfundishe. Walikaa pamoja kila saa ya chakula cha mchana, Waceke akitamka, Peres akiandika kwenye daftari. Baada ya Kikuyu kikaja Kikamba, kisha Kiluhya cha kutosha. Hakuanza na maamkizi kama watu wengine. Alianza na kusema "amekufa" bila kuzungukazunguka, kisha akauliza kila jamii humwitaje mfiwa. Makosa hayakukosekana. Wakati mmoja alimpa mchungaji Mkamba pongezi za harusi badala ya pole, na mchungaji, Mungu ambariki, akashukuru.

Si wote waliomsifu. Kanisani kwao Dagoretti Corner walimtania kwamba amegeuka Mkikuyu, na mwaka wa 2008, ghasia za uchaguzi zilipozigombanisha jamii zetu, utani huo ulikoma kuwa utani. Jibu lake lilikuwa lile lile. "Nimejifunza kubisha hodi kwao. Sikuhamia." Kweli hakuhama. Kila simu ya msiba ilipoisha aliomba kwa Kidholuo, kwa sauti, hata baada ya mkuu mmoja wa idara kumtaka atumie lugha ya ofisi.

Mwaka wa 2013 aliletewa mwenzake, Bwana Thuo, baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Dagoretti. Peres alimfundisha Kidholuo kama Waceke alivyomfundisha yeye Kikuyu.

Juni 2019, saa nane mchana, fomu ililetwa chumba cha simu kutoka chumba cha dharura. Seremala, amegongwa na lori karibu na Adams Arcade, amefariki. Nambari ya jamaa iliyoandikwa pale, Thuo aliijua kwa moyo. Ilikuwa ya Peres, na marehemu alikuwa Oduor, mumewe. Peres mwenyewe alikuwa kwenye mkahawa wetu, anakula.

Thuo hakupiga simu. Alitembea hadi kule, akaketi mbele yake, akasema, "Min Rachael, Oduor otho." Mama Rachael, Oduor amekufa. Ulimi wake wa Kikuyu uliliharibu lile neno la mwisho. Peres akalirekebisha. Alilitamka yeye mwenyewe, sawasawa, mara moja, kisha akalaza kichwa juu ya meza.

Tulimsindikiza hadi Ugenya. Kwetu Wakikuyu tunazika kimya, na kilio cha pale bomani kilinitisha. Peres, katikati ya uchungu wake, alinishika mkono. "Ciru, hapa hatulii kwa siri," akaniambia. "Ukishindwa, simama tu na mimi." Nilisimama.

Aliporudi kazini alituambia jambo moja, kwamba hawezi tena kutoa habari ile kwa Kidholuo. Kwa lugha nyingine ni kazi, alisema, lakini kwa lugha yake ni Oduor. Basi kwa miaka sita familia za Wajaluo zilipigiwa na Thuo, na zile za Wakikuyu zikapigiwa na Peres. Hakuna aliyelalamika. Ila tuliona alivyotoka nje kila Thuo alipoanza kuongea.

Jumanne iliyopita Thuo alikuwa likizo. Muuza mboga wa Kawangware alifariki wodini, na mama yake, huko Ugenya, hajui Kiswahili. Peres aliishika fomu kwa muda mrefu. Kisha akafunga mlango, akapiga. Ofisi yangu inapakana na chumba kile, nikalisikia neno lenyewe, wazi, halikuzungushwa. Baada yake nikasikia vilio viwili, cha mama yule kwenye simu na cha Peres, kilio kizima cha kwao, mchana kweupe, katikati ya hospitali. Hatukuingia. Alipotoka alinawa uso, akaomba chai.

Bi Peres, tunakushukuru kwa kila mlango uliobisha kwa niaba yetu, nasi tukiwa tumejificha nyuma yako. Huko Ugenya mvua ikufikie kwa wakati, na afya isikupungukie. Thuo amenifundisha neno moja la kukuaga. Nisamehe nikilitamka vibaya. Erokamano, min Rachael. Asante.

Ciru, Ofisi ya Rekodi