Kende Isiyoshuka

Kinyozi alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako mama mmoja alimfokea daktari wa mifugo aliyemkuta humo humo basini.

"Jirani aliniapia dume lake la mbwa ni tasa, eti kende moja haikushuka! Sasa jike langu lina watoto saba!"

"Iliyoshuka inatosha, mama," daktari alisema. "Ila kasoro hiyo hurithiwa. Wakague madume."

"Nimewakagua! Wana miezi sita, na wanne wana moja moja kama baba yao. Bado jirani anaruka kimanga!"

Ushahidi huo, kinyozi aliwaza, hata hakimu angelazimika kuinama auone.

Basi likasimama. "Haijashuka?" kondakta akauliza, akionyesha mizigo.

"Na wewe usinianze!" mama akafoka.