Agapiti wa Tafuta Lako

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi watani ambao tangu asubuhi mmejifunga nyaya shingoni mkimwigiza marehemu, naomba mnipe nafasi kidogo, mtaendelea nikimaliza. Mimi ni Prisca, mdogo wake, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitasoma taratibu, maana mwenyewe hakupenda mtu anayesoma mbiombio.

Ndugu yetu Agapiti Tomasi alizaliwa tarehe 18 Agosti 1966 katika hospitali ya Mnero, wilaya ya Nachingwea, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Tomasi, aliyeketi hapa mbele, na marehemu mama yetu Klementina, akapewa jina la mtakatifu wa siku ile. Alisoma shule ya msingi Mkotokuyana kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na darasani alikuwa wa kawaida tu, siwezi kusema uongo mbele ya jeneza, lakini redio iliyokufa popote kijijini ililetwa kwake, ikafufuka. Mwaka 1988 alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi kwenye duka la redio la Mzee Ashraf, Kariakoo, na kazi yake ilikuwa kuzitengeneza na kuziacha zote zikipiga kelele barazani, hii taarifa ya habari, ile kanda ya muziki, ili wateja wavutike.

Tarehe 11 Novemba 1993 mama yetu alifariki ghafla, tukapeleka tangazo redio ya taifa kama ilivyo desturi, likasomwa jioni, Agapiti akatajwa kwa jina kwamba popote alipo afike nyumbani, na redio zote zilizokuwa mbele yake zilikuwa zikisema kwa pamoja. Hakusikia. Wiki tatu baadaye mtu wa kwetu alipita dukani akampa pole ya msiba, naye akauliza msiba gani.

Alipofika nyumbani, baba alimwonyesha kaburi, akarudi ndani, na tangu siku ile hakulitamka tena jina lake, kila neno likawa linapitia kwangu, nimwambie kaka yangu asogeze jembe, ilhali wamekaa benchi moja. Kaka hakurudi tena Kariakoo. Mwaka 1995 alifungua banda la ufundi karibu na soko la Nachingwea, na tarehe 26 Julai 1997 alifunga ndoa na Goreti, wakajaliwa watoto wawili, Eustace, aliyezaliwa mwaka 1998, na Klementina, aliyezaliwa mwaka 2001.

Mwaka 1999 alianza lile onesho mnalolijua, akaliita Tafuta Lako. Alitundika mashuka meupe ukumbini, akamulika juu yake picha alizokata kwenye magazeti, akawasha televisheni, redio na kaseti zote kwa mpigo, bei za korosho, mahubiri, mpira, kampeni, matangazo ya sabuni na ya vifo, na ndani ya vurugu ile alificha salamu moja ya kweli kwa mtu mmoja aliyekaa pale, salamu aliyokuwa ameifuata kwa baiskeli na kinasa sauti chake. Sharti lilikuwa moja, ukisikia la mwenzako usimwambie, mwache alisikie mwenyewe. Mara ya kwanza nusu ya watu walitoka wakilalamika kwamba walikuja kuona mkanda wa karate, nami nilikuwa miongoni mwao, kichwa kiliniuma siku mbili. Lakini onesho lilipofika kijiji cha Likunja, Mama Teodosia aliisikia sauti ya binti yake Teddy, aliyekuwa kimya miaka mingi, ikimwomba asiiuze cherehani kwa kuwa anarudi, na mama yule alisimama akalia mpaka tukalia naye.

Kaka alikuwa akisema kwamba maneno ya siku hizi ni mengi kama pumba, kazi ya mtu ni kupepeta mpaka aione punje yake. Mimi nilimbishia, nikamwambia kila pumba yake ni punje ya mtu mwingine, hata yale matangazo ya vifo anayoyachanganya yana wenyewe wanaoyasubiri. Tangu siku hiyo akawa anasoma majina ya marehemu hao kabla ya kuanza onesho. Ila kwenye maonesho yote hayo, salamu yake yeye haikuwahi kuwemo.

Tarehe 12 Julai 2003, onesho lilipokuwa Ruangwa, mimi na wifi Goreti tulichomeka kaseti tuliyorekodi bila kaka kujua, baada ya kumbembeleza baba kwa siku nyingi. Watu waliisikia sauti ile ya mzee kabla yake, ukumbi wote ukanyamaza ukimtazama, na kwa kuwa walikuwa wameshika sharti, hakuna aliyemwambia kitu. Yeye akadhani mitambo imeharibika. Akaanza kuzima kimoja kimoja akitafuta hitilafu, hii si hii, ile si ile, mpaka ikabaki redio moja ya kaseti, na ndani yake baba yetu, kwa Kimwera, akirudia kusema, Agapiti, chakula kinapoa, njoo ule. Kaka alikaa chini palepale kwenye nyaya. Kesho yake alikula nyumbani Mkotokuyana na baba, sahani moja, na mimi nikapumzishwa kazi ya kupeleka maneno.

Mwezi Februari 2008 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Nachingwea na Dar es Salaam, na alfajiri ya Jumatano tarehe 8 Oktoba 2008 alifariki akiwa hospitali ya Mnero, mahali alipozaliwa, mkono wake ukiwa mkononi mwa Goreti. Ameacha mjane, watoto wawili na baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala nasi matangani, mafundi wenzake wa Nachingwea, na Mzee Ashraf aliyesafiri kutoka Dar es Salaam.

Jana jioni, saa ya matangazo ya vifo ilipokaribia, baba aliagiza redio zote za hapa zizimwe, ibaki moja, akaishika mwenyewe mapajani, nasi sote tukanyamaza, hata watoto. Jina lilisomwa mara moja tu. Baba akaitika, akasema, tumesikia, mwanangu.

Agapiti, kaka yangu, tumesikia, na tumefika wote. Pumzika kwa amani.