Nyuzi Nilizozikata kwenye Majalada ya Walimu

Bwana asifiwe, wapendwa wa Cheyo, nanyi mliotoka na baiskeli njia ya Sikonge ili tuabudu pamoja. Nitasema kwa kifupi, ingawa mke wangu anajua mimi na ufupi hatuelewani.

Ndugu zangu, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Wengi hapa hamjaiona. Ni mashine inayojaza chumba kizima kule Dar es Salaam, inasoma kadi zilizotobolewa matundu, na inafanya lile uliloiagiza tu, hata kama umeagiza upuuzi. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu nilidhani moyo wa mtu hauingii humo. Uje umefurahi, uje umenuna, mashine haijui.

Basi mke wangu Kalunde, ambaye ni mwalimu, akaomba uhamisho arudi huku Tabora. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete na hakuwa na mtu mwingine wa kumwangalia. Mimi nikaona nimeachwa. Nikamwambia aende na asinitafute. Barua zake sikuzijibu. Nikawa naingia kazini wa kwanza na kutoka wa mwisho, wakubwa wakanisifu kwa bidii. Bidii gani? Nilikuwa naiogopa nyumba yangu.

Siku hizo vijiji vya ujamaa vilikuwa vinafunguliwa kila upande, na kila kijiji kilitaka mwalimu. Nikapewa kazi ya kuwapangia walimu vituo kwa kompyuta. Majina yalikuwa kwenye majalada ya masjala, chini ya karani mmoja mtu mzima, Mzee Salum, Mwislamu mzaliwa wa hapa hapa Tabora mjini. Nikakuta majalada mengine yamefungwa mawili mawili kwa uzi. Nikamuuliza sababu.

"Hao ni mke na mume, mwanangu," akasema. "Ukishika la mmoja umeshika na la mwenzake. Unawapeleka pamoja."

Nikamwambia kompyuta haijui uzi. Nikaomba mkasi, nikakata moja baada ya jingine, huku napiga mluzi. Mzee aliniangalia tu, akasema, "Haya, wasomi."

Ningeweza kuacha nafasi kwenye kila kadi ya kuandika namba ya mwenzi. Ni kazi ya siku mbili. Nilisema si lazima.

Orodha ikatoka, na malalamiko yakafuata. Ofisini wakasema kompyuta imekosea. Nami nikaitikia, ndugu zangu, nikaitikia kabisa! Wakanituma Tabora kuchunguza.

Hapa, kwenye baraza ya ofisi ya elimu, nilimkuta mwalimu mmoja amebeba mtoto mgongoni. Mumewe kapelekwa Sikonge, yeye kapelekwa Newala, kusini kabisa ya nchi. Nilidhani atanitukana. Akaninyooshea karatasi yake na kuniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua tu, "Kaka, hiyo mashine iliona nini kwetu hata ikatutenganisha?"

Mimi ni mtu nisiyeweza kula kama kuna kosa sijajua limetoka wapi. Nikakaa kwenye baraza ile nikaanza kurudi nyuma, kama tufanyavyo kazini. Orodha ilifuata programu. Programu ilifuata kadi. Kadi hazikuwa na nafasi ya mwenzi. Nani alisema si lazima? Mimi. Lini? Wiki ile ile niliyopokea barua ya kwanza ya Kalunde.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi Kitete. Nilimkuta Kalunde akimnywesha mama yake uji. Nikamwamkia mama mkwe, nikaeleza yote nikiwa nimesimama. Kalunde akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulipokuwa unakata, ulikuwa unamfikiria nani?"

"Wewe," nikasema.

Akachota kijiko kingine. "Basi nenda kawaambie wenzako ukweli. Yetu tutazungumza baadaye."

Nikarudi Dar es Salaam kwa treni, nikasimama mbele ya mkuu wangu na wenzangu wote, nikasema kompyuta haikukosea. Nilimkasirikia mke wangu, nikawatenganisha watu nisiowajua. Nilipewa karipio kwa maandishi na wiki tatu za kurekebisha. Yule mwalimu yuko Sikonge sasa, na mumewe. Kalunde hakunisamehe siku hiyo, wala mwaka huo. Leo yupo benchi la tatu hapo, na ananikazia macho kwa kuwa nimepitisha muda.

Siku hizi kabla sijashika penseli najiuliza nimeamkaje na nani ananiuma. Wenzangu hunicheka. Wacheke.

Wewe unayesema kazi yako ni kazi na nyumbani ni nyumbani, jua kwamba Bwana anapita kote kuwili. Usimwambie kwamba ni mashine iliyokosea. Mtajie jina la yule uliyemkasirikia. Mimi nilifunguliwa katika treni ile ya kurudi, behewa limejaa watu na magunia. Sikujua kuomba, sala zote zilinikauka. Nikataja jina moja tu, tena kwa sauti: Kalunde. Mama mmoja aliyeketi mkabala akageuka, akaniuliza namwita nani.

Nikamwambia, mke wangu.