Bwana wa Skalín Anashuka Mlimani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda ngome ambayo hakuna aliyewahi kutaka kuiteka, Bwana Vavřinec Doležel amestaafu rasmi tarehe 31 Oktoba, siku ambayo sisi wa Skalín hufunga lango kwa majira ya baridi na kuanza kuokota vigae vilivyoanguka.

Aliajiriwa kuwa fundi wa paa. Paa lenyewe lilikuwa limeshaporomoka wiki chache kabla hajafika, hivyo akakabidhiwa funguo, dirisha la tiketi na, kwa kukosa mtu mwingine, wageni. Hivyo ndivyo alivyopatikana kiongozi wa watalii aliyewaongoza wote waliopanda mlima wetu, wakiwemo wale waliokosea njia na kudhani wamefika kwa jirani.

Fahari yetu wasomaji wa kijarida hiki mnaijua. Majirani wana ngome zilizozingirwa, zikachomwa moto, zikatungiwa nyimbo. Sisi tuna mnara mmoja na nusu, pamoja na Bwana Jetřich wa Skalín, kabaila wa karne ya kumi na tano ambaye, kwa kadiri ninavyoweza kusema, alishindwa kila jambo bila kelele. Alirithi ngome hii pamoja na mdogo wake, Beneš, na vijiji kadhaa, misitu na mabwawa ya samaki. Kwa sheria ya zamani ya nchi yetu, ndugu wasiogawana walihesabiwa kuwa wa mkate mmoja: mali ilikuwa ya wote, na mmoja akifa, mwenzake alibaki nayo. Waliogawana mkate walikuwa wageni mbele ya sheria. Mmoja wao akifa bila mtoto, fungu lake lilikwenda kwa mfalme, hata kama nduguye wa tumbo moja amesimama kando ya jeneza.

Jetřich na Beneš waligawana. Jetřich alichukua ngome, kwa sababu ya mandhari. Beneš alichukua vijiji na mabwawa, kwa sababu ya chakula. Kisha Beneš akafa bila mtoto. Mfalme akachukua vijiji, mabwawa na samaki wake, na Jetřich akabaki na mandhari mazuri sana ya mali ya mtu mwingine.

Bwana Doležel aliisimulia habari hii kwa namna ambayo mimi, niliyeajiriwa hapa kuwa mwanahistoria, sikuweza kuiidhinisha wala kuacha kuisikiliza. Jetřich wake alirefuka kila msimu, hata ikabidi katika masimulizi hayo ainame kupita mlango ambao farasi hupita bila shida. Nilipomwuliza chanzo chake, alinikumbusha kwamba katika makala zangu tatu nimemfisha Jetřich mahali patatu tofauti.

"Bi Daktari, umeshamuua mara tatu," alisema. "Mwache marehemu apumzike, nimalize ziara."

"Na huo urefu?"

"Anakula vizuri."



Mafanikio yake ni mengi, na baadhi yake yalikusudiwa. Paa la mnara mzima lilirudi kwa jitihada zake. Lile la mnara nusu bado linasubiri tukubaliane kama nusu mnara unastahili paa. Yeye ndiye aliyeleta mbuzi ili wale vichaka vilivyokuwa vikipasua kuta. Walivila. Walikula pia shada la maua la wageni rasmi kutoka mkoani, na sehemu ya hotuba iliyokuwa mfukoni mwa mmoja wao. Waliohudhuria wanakubaliana kwamba hotuba iliyobaki ilikuwa bora kuliko nzima.

Tangu Aprili, alipotutangazia kwamba anastaafu, furaha yetu ya kumuaga ilikuwa na mwiba. Bwana Doležel aliishi katika chumba cha juu ya lango, na chumba hicho ni cha kazi, si cha mtu. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Ataishi wapi? Tulimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee mjini. Alikwenda kuitazama, akarudi na basi lililofuata.

"Huko wanakula jioni saa kumi, kama kuku," alisema.

Jibu lilikuwa chini ya mlima, katika nyumba ya kwanza ya kijiji cha Lhotka, ambamo alizaliwa. Lakini ndani ya nyumba hiyo anaishi Řehoř Doležel, mdogo wake, pamoja na mkewe Zdislava, na ndugu hawa walikuwa hawajasemezana kwa miaka mingi. Mama yao alipofariki waligawana: Řehoř akachukua nyumba, Vavřinec bustani ya miti ya plamu iliyo mbele yake, miti iliyopandwa na baba yao. Mwaka uliofuata Vavřinec akaiuza bustani bila kusema neno. Mnunuzi, mtu wa mjini, aliikata miti yote na kuchimba bwawa la kuogelea la rangi ya samawati, ambalo Řehoř hulitazama kila anapofungua dirisha la jikoni. Wanawake wa dukani Lhotka, kwa kuwafananisha na Jetřich na Beneš, walizoea kumwuliza kila mmoja wao kwa wakati wake, "Bwana mwenzio wa Skalín hajambo?" Kila mmoja alijibu kwamba hajui, hajali, na mkate ule upimwe vizuri.

Jumapili ya mwisho ya msimu, Řehoř alitokea langoni akiwa amevaa koti la kanisani, jasho likimtiririka. Nilikuwa nyuma ya dirisha la tiketi nikipanga kadi za posta, na Bwana Doležel alikuwa kando yangu akikata tiketi. Kwa mara ya kwanza katika taaluma yangu, nina shahidi aliyekuwepo, ingawa namjua vyema shahidi huyo na nisingemwamini kwa kila kitu.

"Tiketi moja," alisema.

"Wazee hulipa nusu," Vavřinec alijibu bila kuinua macho.

"Mzee ni wewe. Mimi mdogo wako."

"Basi lipa kamili."

Akalipa kamili, akajiunga na kundi.

Kwa ziara hii ya mwisho Bwana Doležel alikuwa amevaa kofia ya chuma ya Jetřich, ambayo kwa kweli ni ya bati. Uani, mbele ya wageni, alifika penye ugomvi wa mabwana wawili. "Beneš alikuwa mkaidi," alisema kama kawaida yake. "Ukimkosea neno moja, ananuna mwaka."

"Na kinu je?" sauti ikatoka nyuma. "Mbona hutaji kinu?"

Hapa sina budi kukiri kwamba kinu, cha maji, cha kusagia nafaka, kilikuwepo. Jetřich alikiuza kwa watawa punde baada ya kugawana. Hilo ni miongoni mwa mambo machache tunayoyajua kwa hakika kumhusu. Ni kweli pia kwamba katika ziara zake zote Bwana Doležel alikiruka.

"Kinu kilikuwa katika fungu la Jetřich," alisema.

"Fungu lake, sawa! Lakini aliyekijenga ni baba yao. Beneš wa watu kaamka asubuhi, kafungua dirisha apate hewa, kakuta nini? Mtawa!"

Wageni wakacheka. Ndugu wale hawakucheka. Bwana Doležel alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama sufuria ya moto.

"Ni kweli," alisema. "Jetřich aliuza. Alijua akiuliza ataambiwa hapana, na hapana hiyo ingekuwa ya haki. Kwa hiyo hakuuliza. Kabaila mzima, akamwogopa mdogo wake."

Řehoř alikohoa. "Beneš naye angeweza kupanda huku akamwambia usoni. Si mbali. Ni mwinuko tu."

Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja kutoka Brno, mwenye mbwa mdogo ndani ya mkoba, akasema kwa nguvu, "Jamani, mmefanya mazoezi kwelikweli!" Kisha akauliza swali ambalo sisi wenyewe hatukuthubutu kuliuliza tangu Aprili: "Mwishowe walipatana?"

Bwana Doležel akaeleza, taratibu kuliko kawaida yake, kwamba sheria iliruhusu ndugu waliogawana kurudi kwenye mkate mmoja, mradi mfalme akubali. Jetřich alipanda farasi kwenda Praha kuomba ruhusa hiyo, na habari ya kifo cha Beneš ikamkuta njiani. Kwa upande wangu, sijaona ushahidi wowote kwamba aliondoka, wala kwamba alikuwa na farasi wa kumfikisha. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hivyo. Nilikifunga. Huenda huo ndio mchango wangu mkubwa kwa historia ya ukoo huu.

"Na siku hizi," Řehoř aliuliza, akitazama mbuzi, "hiyo ruhusa huombwa kwa nani?"

"Kwenu? Kwa shemeji Zdislava," kaka yake alijibu. "Mfalme mwingine simjui."

"Basi mfalme alishakubali tangu Jumanne. Chumba kimefagiliwa, godoro limeanikwa. Ila amesema hayo mabati yako hayaingii ndani."

Bwana Doležel alivaa kofia yake tena, akaishusha mpaka machoni, akawaambia wageni wamfuate mnarani. Akawapeleka wote zizini kwa mbuzi. Hakuna aliyelalamika, na mama wa Brno alisema sehemu hiyo ndiyo iliyomgusa zaidi.

Niliwahi kuandika kwamba mabwana wa Skalín waligawana kwa chuki. Baadaye niliandika kwamba waligawana kwa hesabu ya busara iliyokwenda kombo. Sasa naelekea kuamini kwamba kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze, ingawa natambua kwamba nadharia hii imetokana na zizi la mbuzi na haitachapishwa kokote isipokuwa hapa.

Bwana Doležel, tunakushukuru kwa paa, kwa mbuzi, na kwa kila shubiri uliyomwongezea Jetřich. Tunakutakia siha njema, supu ya moto na usingizi usiokatizwa na vigae vinavyoanguka, katika nyumba ya kwanza chini ya mlima, kwenye dirisha linalotazama bwawa la kuogelea. Mkilitazama, litazameni wote wawili. Na shemeji akikuita mezani, nenda mara ya kwanza anapokuita.