Dawa ya Kupe Haimjui Obwocha

Abishe anayetaka, Zachariah alisema, lakini abishe akiwa amekaa, maana atakayosikia yatamwangusha. Ilikuwa Ijumaa alasiri hapo Mosocho, mwaka ule josho la ng'ombe lilipofunguliwa, kwenye benchi la nje ya duka la saa. Mwenye duka, Machogu, waliyemwita Fundi Saa, alikuwa na saa ya mtu mapajani, imepasuliwa tumbo. Kando yake alikaa Nyangate, jina la kijiweni Posta, kwa kuwa aliwahi kufagia posta ya Kisii akatoka humo anajua simu zote za Kenya. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao.

— Binamu yangu Obwocha, Zachariah akaanza, jana kajipaka dawa ya josho mwili mzima. Ati aingie Sabato bila kiroboto! Sasa yuko hospitali. Mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, mboni za macho zimekuwa tundu la sindano, misuli inamrukaruka yenyewe.

— Hiyo ni springi, Fundi Saa akasema. Mishipa ya fahamu ni springi, na dawa imeikaza mno. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Amepona nani hapo, omogaka, mzee wangu? Zachariah akauliza.

— Wewe kunywa kahawa.

— Springi! Posta akacheka. Mishipa ni waya za simu, bwana. Kichwa kinapiga, mkono unapokea, halafu kuna mtu wa kukata laini. Dawa imemfunga mtu huyo mikono. Laini haikatiki! Kengele inalia, mkono unapokea, unapokea, unapokea…

— Na mate?

— Mate yana simu yake.

Zachariah, aliyeacha shule darasa la tano, alitikisa kichwa kama daktari. Hakuelewa kitu. Alitaka kujua jambo moja tu, na tangu aje alikuwa analizunguka.

— Na mtu akipaka kidogo? Kichwani tu, tuseme?

— Dawa haijui kichwa wala mguu, Fundi Saa akasema. Inatafuta kupe. Ikimkosa, inamhesabu Obwocha kupe mkubwa. Mchagua jembe si mkulima.

— Lakini kidogo sana, mzee?

— Kidogo gani! Posta akadakia. Saa hii damu ya Obwocha inaamini ina miguu minane. Akitoka hospitali atalala sikioni mwa ng'ombe!

Walikuwa bado wanacheka Esnah alipofika kuchukua saa yake. Alikuwa muuguzi, ametoka zamu.

— Obwocha tumemchoma sindano, ametulia kidogo, akasema. Dawa iliyobaki iko wapi?

Fundi Saa akatazama Posta. Posta akatazama birika.

— Sista, Zachariah akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Kuna mahali nimeruka. Joshoni niliitoa mimi. Nusu nikampa Obwocha. Nusu nikampa mama, nikamwambia ni dawa ya chawa kutoka Nairobi. Anawaosha dada zangu vichwa leo, kabla jua halijatua.

Esnah alikuwa ameshavua viatu.

— Tangulia, akasema. Kimbia!