Bwana Famau bin Twahir, Mtafuna Magome, na Dari Aliyotuachia

Ndugu zetu, tuliyemzika jana alasiri ni Bwana Famau bin Twahir, mwana wa dada yangu. Nasoma mimi, mjomba wake Obeid, kwa kuwa ukoo mzima hauna sauti kama yangu.

Alizaliwa Kizingitini mwaka 1909. Chuoni alihifadhi juzuu kumi na mbili. Mimi tisa, lakini kwa mahadhi mazuri zaidi.

Kazi yake ilikuwa kukata boriti za mikoko, Mkokoni. Hakukata mti kabla ya kutafuna gome lake. Alisema mikoko miwili husimama tope moja, ikanywa maji mamoja, na gome la mmoja likakaza ulimi, la mwenziwe likawa mai matupu, maji yasiyo na ukali. Na huo wa mai ndio mchwa waupendao. "Ni damu, mjomba. Mwana wa mti hutwaa kwa mamake." Tulimcheka. Mwaka 1938 alipanda katika hori moja, mkono mmoja wa bahari, miche ya mama wawili, mkali na wa mai. Mwaka 1952 alitutafunisha mmoja mmoja. Kila mwana alikuwa na ladha ya mamake.

Alimuoa Bi Radhiya mwaka 1935, wakajenga Wiyoni. Dari ilitiwa boriti mwaka 1949, yeye akiwa kazini. Nilizichagua mimi, kwa macho, nikajisifu mji mzima. Aliporudi alitafuna ncha ya moja, akatema. "Zimenyooka, mjomba." Hakuongeza, kwa kunistahi. Baada ya ile siku ya 1952 sikulala tena nyumbani kwake, chini ya boriti zangu.

Kifua kilimlaza tangu Novemba. Unga wa boriti ulimwangukia shukani, akawa anauonja. "Mjomba, mtoe Radhiya chini ya hizi." Nikamjibu, "Hiyo ni homa." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, adhuhuri. Wanawake walipojaa chumbani, boriti ya kati ilitoa mlio. Kilio kikakatika.

Ameacha mjane, Bi Radhiya, aliyeanza eda ya miezi minne na siku kumi chumba hicho hicho; binti, Mwanamkisi; na wajukuu watatu walalao humo. Mwalimu Kamaludin amesema hofu ya kuangukiwa ni udhuru, ahame. Bi Radhiya amejibu nyuma ya pazia: "Famau amelala hapa hadi mwisho. Mimi sitoki. Mjomba Obeid na akate nyingine."

Basi alfajiri nakwenda Mkokoni, nikatafune kwa meno haya matatu. Kukata na kuleta ni siku tisa. Siku hizo, kila apitaye Wiyoni abishe hodi, asiondoke mpaka aitikiwe.

Mola amlaze Famau penye wasaa.